Simu ya Ghala la Kahawa

Karagwe yote, pamoja na huko Rubwera ambako watu hujiona wako nchi yao wenyewe, mtu wa kwanza kuvuta waya wa simu kwa mikono yake bila kutumwa na serikali ni mimi. Asiyetaka kuamini na aache, sina njaa ya kuaminiwa. Shule nimeishia darasa la nne. Wenzangu walioendelea mpaka wakavaa miwani, leo redio zao zikinyamaza huja kwangu wakasimama mlangoni kama watu waliokuja kuomba chumvi.

Kazi hii nilijifunza vitani. Vita vya mwaka wa sabini na nane vilinikuta kijana wa nguvu zangu, nikachukuliwa kuwabebea mizigo askari wa mawasiliano. Wenzangu walibeba unga, mimi nikabeba magurudumu ya waya. Unga unaliwa, unakwisha, mbeba unga anabaki mbeba unga. Mimi nilitembea nyuma ya wale askari nikiwatazama vidole. Nikajua simu ya kijeshi inavyopumua: mkono wa kuzungusha unapiga kengele ya upande wa pili, na hiyo haihitaji betri hata moja, sauti ndiyo inayotaka betri, na anayetaka kusema lazima abonyeze kitufe kilichoko kwenye mkonga, kile kishikio cha sikioni, la sivyo atapiga kelele mpaka atapike na huko hawatasikia hata mkoromo. Mambo matatu tu. Nimewahi kumfundisha mtu wa kidato cha nne mambo hayo matatu kwa wiki nzima, akashika mawili.

Vita vilipokwisha nilirudi na simu mbili na magurudumu kadhaa ya waya. Zilitoka wapi? Vita huacha vitu vingi. Nikazifungia chini ya kitanda, nikaendelea na ufundi wa baiskeli, kwanza Rubwera, kisha nikaoa Chonyonyo, nikahamia Kituntu, ambako mama mkwe wangu naye alikuwa amehamia kwa kaka yake baada ya kufiwa na mume. Watu walinicheka kwa hilo. Mwanamume gani anahamia kijiji kimoja na mama mkwe? Anayejua kahawa iko wapi, ndiyo jibu langu.

Chama chetu cha msingi kilikuwa na ofisi chini, barabarani, na ghala juu mlimani. Mkulima anapima kahawa mlimani, karatasi ya malipo iko barabarani. Lori likifika, karani anapanda mlima kuuliza kama magunia yamekwisha kushonwa. Anakuta hayajashonwa, anashuka kusema hayajashonwa, huku yameshashonwa. Wazee wanakaa juani na kahawa yao tangu asubuhi wakimngoja mtu mmoja mwenye miguu miwili. Na hawakuona kuwa ni ujinga. Waliona ndivyo chama kinavyokuwa.

Nikaenda kwa mwenyekiti, mzee mmoja mnene wa maneno machache. Nikamwambia, "Shikamoo Tata. Nitakufungia simu kutoka hapa mpaka ghalani."

Katibu wa chama alikuwa amekaa pembeni. Huyu alikuwa amesoma sekondari kule Bukoba, na kalamu yake aliiweka mfuko wa shati kwa nje, ili hata kipofu aione. Akacheka.

"Simu? Wewe? Fundi wa pancha?"

"Pancha ni tundu, bwana katibu. Na simu ikiharibika ni tundu vilevile, ila halionekani."

"Mwenyekiti, tusipoteze muda. Mimi nafahamiana na fundi mwenye cheti. Anaweza kutuletea simu ya upepo, ya kisasa."

"Atakuja lini?" mwenyekiti akauliza.

"Akipata nafasi."

Mwenyekiti alitafuna buni yake, akatema ganda, akatoa hukumu. Nifunge simu yangu. Siku ya mkutano mkuu wa wanachama niipige mbele ya watu wote. Ikisema, mitambo yote ya chama iwe mikononi mwangu: simu, mizani, na ile mashine ya kukobolea iliyokuwa ikingoja mtu wa kuielewa. Isiposema, ning'oe waya wangu nirudi kwenye baiskeli, na yule mwenye cheti aitwe.

Nilifunga waya ule mwenyewe, kutoka mti hadi mti, nikiupitisha juu ya migomba ya watu na uani kwa watu. Nikaweka sharti moja: hadi siku ya mkutano, simu ya ofisini asiiguse mtu ila mimi. Nawajua watu. Ukiwaachia kitu chenye mkono wa kuzungusha, watauzungusha mpaka ukatike, halafu watasema kilikuwa kibovu. Sharti lile silijutii hata leo.

Upande wa ghalani palikuwa na mtunza ghala, mlevi wa rubisi, pombe yetu ya ndizi, ambaye alitunza ghala kwa kulipitia mara mojamoja. Aliyekuwapo kila siku ni mama mkwe wangu. Yeye ndiye alikuwa msimamizi wa akina mama wanaochambua kahawa, mwanamke wa sauti kubwa asiyeruhusu punje nyeusi ipite wala mkono mvivu upumzike. Kwa hiyo simu iliwekwa kwenye meza yake, na mtunza ghala akamfundisha kuiinua na kubonyeza.

Sasa, asiye wa kwetu aelewe jambo hili. Mama mkwe na mkwe wake hawatazamani. Akiniona njiani anaingia shambani, anasimama nyuma ya mgomba, mgongo kwangu. Mimi nami natazama upande mwingine nasema, "Shikamoo huko mlipo." Naye anaujibu mgomba, "Marahaba ya huko." Napita. Ndiyo heshima. Nikipanda ghalani kwa kazi, mtunza ghala anatangulia kusema fundi anakuja, na mama anatoka kwa mlango wa nyuma, anakaa nje hadi niondoke.

Nikafunga kila kitu. Nikiwa ghalani nikampigia karani niliyemwacha ofisini kwa ruhusa yangu maalumu, siku hiyo moja tu. Akasikika safi. Nikamrudishia mtunza ghala mkonga, akaongea na karani, wakatukanana kwa furaha. Simu inasema. Nikashuka mlima nikipiga mluzi.

Kesho yake nikapiga mwenyewe kutoka ofisini. Nikazungusha. Kule juu kengele ikalia, kwa sababu nilisikia mkonga ukiinuliwa: krak.

"Haloo, ghala! Ofisi hapa!"

Kimya. Si kimya cha waya uliokatika. Mtu wa kazi anakijua kimya cha waya uliokatika, ni kama kichwa ndani ya chungu. Hiki kilikuwa kimya chenye kitu ndani yake. Halafu, krak, mkonga ukarudishwa.

Katibu alikuwa anaandika. Hakuinua kichwa. "Imesemaje?"

Mtu wa namna hiyo ukimjibu unamlisha.

Nikafuata utaratibu niliojifunza: anza na kilicho mkononi mwako, ndipo uende mbali. Simu ya ofisini niliifungua. Nikagonga kipaza, maana ndani yake kuna unga wa mkaa ambao huganda. Nikasugua vichwa vya betri. Nikakaza skurubu. Nikapiga. Krak, kimya, krak.

Basi upande wangu ni mzima. Nikatoka kuufuata waya. Ee waitu, ndipo nilipowajua majirani zangu. Uani kwa mmoja, waya wangu umeanikiwa nepi. Kwa mwingine maharage yake yameshapanda juu ya waya, naye anasimama kuyasifia, "Fundi, ona yalivyopenda." Mwingine ameegemeza mkungu wake wa ndizi kwa mti niliofungia waya, mti umelala, waya unagusa kichuguu. Mmoja, saa ileile nikiwa njiani, alikuwa amekata kipande chenye urefu wa mkono akategea fuko, kisha akaunganisha kwa kamba ya mgomba! Nikamuuliza, kamba ya mgomba inapitisha sauti?

"Si ni kamba?" akanijibu. "Imeshika vizuri."

Nikamwambia ng'ombe wake ana akili kuliko yeye. Akakubali, akasema ng'ombe yule ni mzuri kweli.

Kila nilipotengeneza mahali nilirudi ofisini nikapiga, na kila niliporudi, krak, kimya, krak. Wazee waliokuwa wakikaa barazani pa ofisi wakapata mchezo.

"Fundi, leo imeamkaje?"

"Haijaamka, Tata."

"Labda haijui Kiswahili. Isemeshe Kinyambo."

Nikaisemesha Kinyambo. Ndiyo, niliisemesha, na si kwa sababu yao, ila kwa sababu sikuacha jambo bila kujaribiwa. Kimya kikawa kirefu zaidi ya kile cha Kiswahili, na mkonga ukarudishwa kwa kishindo.

Nikapanda ghalani. Mama akatoka mlango wa nyuma kama kawaida. Nikafungua simu, nikabadili betri zote, nikagonga kipaza. Karani nilikuwa nimemruhusu kwa mara ya pili akae ofisini. Tukaongea mpaka mate yakatukauka, sauti safi kama ya mtu aliye chumba cha pili. Nikashuka. Nikapiga. Krak, kimya, krak.

Hapo hata mtu mwenye kichwa kama changu anachoka. Nikiwa juu inasema, nikishuka inakufa. Mtunza ghala akaeneza kwamba simu ile imetoka vitani, kuna marehemu ndani yake, na marehemu haongei na kila mtu. Akina mama wa kuchambua wakaanza kukaa mbali na meza. Katibu, mtu wa sekondari, mwenye kalamu, badala ya kucheka upuuzi ule akaniuliza kwa sauti ya chini kama simu ile kweli ilimilikiwa na askari aliyekufa. Nikajua elimu ni shati. Likivuliwa, ndani ni mtu yuleyule.

Mimi nilishikilia jambo moja: yule mama habonyezi kitufe. Nilimtuma mtunza ghala amfundishe tena. Akarudi kusema, "Anabonyeza. Amenibonyezea mpaka kidole cheupe. Amesema nisimfundishe kama mtoto."

Siku moja kabla ya mkutano nilirudi nyumbani jua bado liko, nikakaa uani. Mke wangu alikuwa anamenya ndizi. Nilikuwa nimeshaanza kuhesabu vifaa vya baiskeli kichwani. Nikamwambia kesho yule mwenye kalamu ataning'oa kama mhogo mbele ya wanachama wote, na mwenye cheti ataitwa, na mashine ya kukobolea itaozea palepale.

Mke wangu akaendelea kumenya. Kisha akasema, "Mama amekasirika na wewe."

"Nimemfanya nini? Sijamwona."

"Anasema unamsemea sikioni."

"Nani anamsemea sikioni?"

"Wewe! Anainua lile dude, sauti yako inaingia mpaka ndani ya sikio. Anasema hata marehemu baba hakuwahi kumsemea karibu hivyo mbele ya watu. Na juzi umemwita kwa Kinyambo kabisa."

Nilisimama. "Sasa si anajibu mgomba kila siku! Tunasalimiana!"

"Kwenye mgomba kuna mgomba katikati," mke wangu akasema. "Kwenye simu kuna nini?"

Nilitaka kumjibu kuna waya, kuna mlima, kuna migomba ya kijiji kizima katikati. Nikatazama maneno yale kabla ya kuyatoa, nikaona hayafai. Mke wangu alikuwa amenikazia macho akitaka nicheke ili naye acheke, na mwishowe tulicheka mpaka kisu kikaanguka. Waya mzima. Betri nzima. Kipaza kizima. Kumbe kilichokuwa kikinikata ni adabu! Na watu wale wote, wenye sekondari na wenye vyeo, wazee waliozaliwa ndani ya mila hiyo na kuizeekea, hakuna hata mmoja aliyefikiri. Walikwenda kutafuta marehemu.

"Mwambie mama aongee kesho, mara moja tu," nikasema.

"Mwambie wewe," akajibu, nami nikajua hilo limefungwa.

Siku ya mkutano ofisi ilijaa, watu wakakaa hadi madirishani. Mwenyekiti akafika kwenye jambo la simu. Katibu akasimama kabla yangu, akajikohoza, akasema, "Kwa mujibu wa makubaliano, fundi aipige simu mwenyewe. Aliyeifunga ndiye aipige." Alijua haitanijibu. Alikuwa ameisikia krak ile siku zote akiwa mezani pake.

Nikasimama. Nikaushika mkono wa kuzungusha, nikauzungusha. Kengele ikalia juu mlimani. Upepo ulikuwa unatujia, na waliokaa dirishani waliisikia kwa masikio yao. Nikasikia, krak. Nikauweka mkonga juu ya meza bila kusema neno.

"Mbona husemi?" katibu akauliza, ameanza kutabasamu.

Nikawageukia wanachama. "Wazee wangu, shikamooni. Aliyeinua simu kule ghalani mnamfahamu. Ni mama mkwe wangu. Katibu anataka nimnong'oneze sikioni mbele yenu. Kama huo ndio utaratibu mpya wa chama, naomba mzee mmoja asimame anionyeshe jinsi anavyomfanyia wake."

Nyumba ikapasuka kwa kicheko. Mzee mmoja wa nyuma akapiga fimbo chini. "Katibu! Wewe wako unamsemea wapi, shavuni?"

"Ndiyo mnayofundishwa Bukoba?"

"Mkweo akikutembelea mnalala kitanda kimoja?"

Katibu aliinua mikono yote miwili. "Wazee, sikuwa na maana hiyo, wazee, subirini..." Hawakusubiri. Watu wangu ni wajinga katika mambo mengi, lakini wakipata mtu wa kumkalia kooni kwa ajili ya heshima, hao ni mafundi wenye vyeti.

Mwenyekiti akatuliza watu kwa kiganja. "Katibu," akasema, "wewe si mkwe wake. Piga."

Hapo ndipo nilipomwona msomi akishika mkonga. Aliushika kwa vidole viwili, kama mtu anayeinua panya. Akapiga kelele, "HALOO GHALA! HAPA NI OFISI KUU!" Kimya. Akanitazama kwa ushindi.

"Bonyeza, bwana katibu," nikasema. "Kidude hicho kilicho chini ya kidole chako. Bonyeza ndipo useme. Halafu achia."

Akabonyeza. Akasema. Akaachia. Na sauti ya mama mkwe wangu ikatoka ndani ya mkonga ule, kubwa, ikasikika hadi safu ya tatu:

"Mbona unapiga kelele, kwani umeanguka kisimani? Nani huyo?"

"Ni... ni katibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Magunia yameshashonwa tangu jana, yamepangwa mlangoni. Lori liko wapi? Mnakaa huko mnapiga maneno, kahawa inanyonya unyevu. Na karatasi za hawa wazee waliolala hapa jana ziko wapi?"

Watu walishangilia mpaka mabati yakatetemeka. Si kwa ajili ya simu peke yake, najua. Walifurahi kusikia katibu akifokewa. Lakini furaha ni furaha, na mwenyekiti aliitumia palepale. Waliokubali wainue mikono. Mikono ikapanda. Simu yangu, mizani yangu, mashine ya kukobolea yangu. Yule mwenye cheti, kama bado anatafuta nafasi, aendelee kuitafuta.

Katibu alikuwa anataka kurudisha mkonga mahali pake, lakini mama alikuwa bado yuko hewani. Nikamwona katibu anasikiliza, uso unabadilika.

"Anasemaje?" mwenyekiti akauliza.

"Anasema..." Katibu alinitazama. "Anasema fundi aambiwe kengele yake ina fujo. Inalia kama ya muuza dagaa. Aipunguze."

"Mwambie nimesikia," nikasema, nikitazama ukutani, si kwenye simu. "Mwambie nitaifunga kitambaa ndani. Na mwambie shikamoo."

Alisimama pale na kalamu yake. Watu wote walikuwa wanamngoja. Akabonyeza.

"Anasema amesikia, mama. Atafunga kitambaa. Na anasema shikamoo."

Akaachia, akasikiliza.

"Anasema marahaba," katibu akasema.

Miaka mingi simu ile ilifanya kazi, na muda wote huo sikumsemesha mama mkwe wangu hata neno moja kwa mdomo wangu. Kila nilipotaka kupima waya asubuhi, nilizungusha mkono, kisha nikamwita katibu. Aliacha makaratasi yake, akaja akabonyeza, akapeleka shikamoo yangu mlimani na kunirudishia marahaba. Kazi hiyo hakuna shule iliyomfundisha, na aliifanya vizuri.